Mgongo wa Mama Mkwe

Mguu wangu wa kushoto ulibaki Kigongo. Ndivyo ninavyopenda kusema, ingawa ukweli ni kwamba ulikatwa Mwanza mjini, juu ya goti, na sijui walikwenda kuuzika wapi. Lakini mimi niliagana nao Kigongo, siku lori la pamba liliporudi nyuma kwenye mlango wa pantoni, breki zimegoma, nami nimesimama nyuma yake na mfuko wa vitabu vya elimu ya watu wazima, nikimkosoa dereva namna anavyopanga gari. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka ile ya Ujamaa mwalimu alikuwa na neno la kusema juu ya kila kitu. Nilikuwa bado nasema lori lilipoanza kuja.

Sina haja ya kusimulia kukatwa kwenyewe. Nilikubali mapema kuliko watu walivyodhani, maana niliuona ule mguu kabla hawajanipa dawa ya usingizi, na hata mtoto wa darasa la kwanza angejua kwamba haukuwa mguu tena. Ninachotaka kusimulia ni habari za mguu wa pili, ule wa kulia, uliotoka Kigongo bila hata mkwaruzo. Huo ndio uliotaka kuniua.

Aliyenionya wa kwanza alikuwa sista wa wodi, mama mnene wa Ukerewe aliyetembea taratibu na bado akafika kila mahali kabla ya wenzake. Asubuhi nilipopata fahamu vizuri alifunua shuka, akakipita kigutu changu kilichofungwa bendeji bila kukitazama, akanishika kisigino cha mguu mzima.

"Mwalimu," alisema, "watu wote watakuja kukupa pole ya mguu uliokwenda. Mimi kazi yangu ni huu uliobaki. Umekatwa, umelazwa, damu inapita polepole kwenye mishipa. Ukiuacha umelala tu, damu inaganda humo ndani. Bonge likikatika linapanda mpaka kwenye mapafu, na likifika huko mtu anaweza kufa hapo hapo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sista."

"Basi chezesha wayo. Juu, chini. Ukipata nguvu unashuka kitandani, unatembea kwa magongo. Hapa hukuja mapumzikoni."

Nilielewa kuliko alivyojua. Mzunguko wa damu nilikuwa naufundisha darasa la sita kila mwaka. Nilichora moyo ubaoni, mishipa inayotoka kwa chaki nyekundu na inayorudi kwa chaki ya buluu, miaka ambayo chaki za rangi zilipatikana, na niliwaambia watoto kwamba damu haina ruhusa ya kusimama. Kwa hiyo nilifanya nilivyoambiwa. Nilichezesha wayo kama fundi anayekanyaga cherehani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kikapungua. Nikasimama na magongo, sista kanishika kiunoni, nikaruka hatua chache hadi mlangoni na kurudi. Nilijiona nimeshapona, imebaki tu kurudi Kigongo nikamalizane na yule dereva.

Kisha meli ya Bukoba ikamleta mama mkwe.

Hapa inabidi nieleze, maana siku hizi naona vijana wanakaa kochi moja na mama wakwe zao wakitazama televisheni na kuchekeana. Kwetu, upande wa Kisesa na Bujora nilikokulia, mama mkwe hatazamwi. Ukimwona anakuja, wewe unaacha njia, unaingia hata kwenye miiba, unageuza uso mpaka apite. Hamli pamoja, hampeani mikono, na ukiwa na neno naye linapitia kwa mkeo. Hiyo si chuki hata kidogo. Ndiyo heshima yenyewe, na anayeivunja huambiwa kwamba hakulelewa. Mke wangu ni wa Bukoba, na nilipokwenda kuposa nilifurahi kukuta kwamba kwao nako ni vivyo hivyo. Tulikuwa tumeoana, tumepata mtoto, na mimi sijawahi kuuona uso wa mwanamke aliyenizalia mke. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa sauti aliyoitumia kumwita binti yake.

Alikuja kwa sababu ya huyo mtoto. Mke wangu alikuwa karani ofisini mjini, likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha, na mume aliyekuwa akimsaidia alikuwa amelazwa na mguu mmoja. Bibi akaja kumshika mjukuu. Watoto wachanga hawakuruhusiwa kuingia wodini, jambo ambalo lilikuwa sawa kabisa, na mama mkwe kuingia mahali alipolala mkwewe lilikuwa jambo lisilofikirika. Kwa hiyo wakabaki nje.

Ila hiyo nje sasa. Wodi yetu ilikuwa jengo refu juu ya kilima, limezungukwa na baraza pande zote. Ndani palijaa, na katikati ya vitanda watu walilazwa kwenye magodoro chini, hata mwenye magongo hakuwa na pa kukanyaga. Mazoezi yote yalifanyikia barazani. Chooni kulipitiwa barazani. Mlango uliokuwa unafunguliwa ulikuwa mmoja, na kitanda changu kilikuwa kando yake kabisa. Hapo hapo nje ya mlango, chini ya dirisha langu, mama mkwe alitandika mkeka asubuhi, akaweka kikapu chake, akampakata mtoto, na hakuinuka mpaka jioni. Kesho yake akatandika tena.

Siku ya kwanza tuliamkiana. Mke wangu alisimama mlangoni katikati yetu.

"Mwambie mume wako nampa pole sana," sauti ilisema kutoka chini ya dirisha.

"Mama anakupa pole sana," mke wangu alisema.

"Mwambie mama nimeshapoa, na shikamoo."

"Anasema shikamoo."

"Marahaba. Mwambie asimame imara."

Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia akitafuna zile punje kavu za kahawa za kwao. Mke wangu alitupelekea maneno kama mtu anayevusha abiria ng'ambo ya kijito ambacho wote wawili wangeweza kukiruka. Aliona inachekesha. Mimi sikuona.

Maana hebu fikiria nilivyokuwa nimevaa. Pajama zilikuwa zimekwisha hospitalini kama sukari ilivyokwisha madukani, na wanaume wote tulivishwa gauni lile la kufungiwa mgongoni, ambalo kamba zake zilikuwa zimekatika zamani. Ukilala ni nguo. Ukisimama, mbele wewe ni mtu mwenye heshima zake na nyuma huna kitu. Na mtu wa magongo ana mikono miwili tu, yote ina kazi. Hana wa tatu wa kushikilia shuka. Hata kama ningefungwa shuka vizuri, ningepita wapi? Baraza lilikuwa jembamba. Ningelazimika kuruka kwa mguu mmoja mbele ya magoti yake, kigutu kikining'inia, yeye hana pa kujificha na mimi sina mguu wa kuachia njia.

Sikushuka tena kitandani.

Nilijifunika shuka mpaka kichwani. Nilijua kwamba akijua niko macho atajiona anapaswa kunyamaza, kumnyamazisha mtoto, na kukaa kwa adabu mchana kutwa, kwa hiyo nilijifanya nimelala ili naye apumue. Mtu aliyelala hachezeshi wayo. Nilijaribu mara chache, kitanda cha chuma kikalia, na nje kikohozi kikakatika ghafla kama mtu aliyekutwa. Nikaacha. Bati la wodi lilikuwa linawaka, jasho linanitiririka shingoni chini ya shuka, nasikia mwanangu akicheka, pua yangu na yake zikitenganishwa na ukuta tu, na siwezi kumwita kwa jina. Wagonjwa wenzangu walisema mwalimu ameshajisitiri, limebaki jeneza. Nilikuwa nawasikia. Niliwachukia wote, kisha nikamchukia yule mwanamke aliyenifungia mlango kwa kuwapo kwake tu, kisha nikaona haya kwa kumchukia, na mchana ulikuwa bado haujafika nusu.

Sista alipouliza, nilimwambia kigutu kinauma. Kiliuma kweli, kwa hiyo maneno yalitoka bila shida. Aliponivuta niamke nilijilegeza. Alinitazama kwa muda mrefu akaenda kwa mgonjwa mwingine, maana wagonjwa walikuwa wengi na yeye alikuwa mmoja.

Mke wangu alikuja mchana na jioni, akitoka kazini mbio kumnyonyesha mtoto kule nje kisha kunilisha mimi huku ndani.

"Sista ananiambia hutembei," alisema siku moja, akikata tonge la ugali wa unga wa njano.

"Mama yako."

"Mama amekufanya nini?"

"Hajafanya kitu. Yupo."

Aliweka tonge chini. "Unataka nimwambie aondoke? Aende wapi?"

Nilidhani ananigombeza. Nilifumba mdomo, nikageukia ukutani, na yeye hakuendelea. Baadaye nilikuja kuona kwamba lilikuwa swali kabisa, na lilitaka jibu.

Shavu la mguu lilianza kuuma pole pole. Mwanzoni niliona ni mkazo wa msuli, kama unaokupata ukilala vibaya. Kisha likawa zito. Nilipolibonyeza chini ya shuka lilikuwa limejaa na gumu, lina joto kuliko mwili wangu mwingine, na kukunja wayo ilikuwa kama kuvuta kamba iliyofungwa ndani ya nyama. Nilijua. Sitaki kujitetea kwamba sikujua. Nililala pale nikiuona ubao wangu wa darasa la sita, mishipa ya buluu inapanda, na mahali pamoja chaki imekatika. Nilichopaswa kufanya ni kumwita sista na kufunua shuka. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na sauti yangu ingesikika, na ningeulizwa kwa sauti na kujibu kwa sauti, na mama mkwe angejua kwamba mkwewe anaharibikia pale mbele yake. Nikasema nitangoja aondoke jioni. Jioni ilipofika nikawa na homa, nikalala kweli.

Mke wangu ndiye aliyeuona. Aliponibadilisha shuka mchana uliofuata alishika mdomo. Akatoka nje, nikasikia wananong'ona, kisha akarudi na beseni la maji ya moto aliyoomba jikoni na kopo la samli lililotoka kwenye kikapu cha Bukoba.

"Mama anasema ni damu imelala. Nikukande kutoka kisiginoni kwenda juu, nisukume kwa nguvu mpaka itembee."

Kwetu sote ndivyo ilivyo. Mzazi hukandwa, aliyeanguka hukandwa, mzee aliyechoka hukandwa. Ni upendo wa mikono, na mtu hukataaje. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba yale maji ya moto yalinifanya nitake kulia. Akachovya kitambaa, akakamua, akakiweka juu ya mguu, na vidole gumba vyake vyote viwili vikakaa tayari chini ya shavu.

"Mama mtoto, toa mikono."

Sista alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Hakupaza sauti. Mke wangu alitoa mikono, ikabaki hewani inadondosha maji.

"Ukimkanda hapo unalikata bonge. Likikatika unalisukuma wewe mwenyewe kwa mikono yako mpaka kwenye pafu. Usiuguse huo mguu. Na wewe, Mwalimu, usisogee."

Daktari alikuja, kijana aliyetoka masomoni karibuni, akapima unene wa mguu kwa utepe, akatikisa kichwa. Nikaanza kuchomwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda. Kitanda kikainuliwa upande wa miguuni kwa matofali, mguu ukawekwa juu, na nikaamriwa nilale kimya kabisa, nisijigeuze wala nisijikaze, mpaka atakaposema yeye. Wakati nilipotakiwa kutembea sikusogea, na sasa nilipotaka kusogea ilikuwa hatari. Nililala kichwa kikiwa chini na damu ikinijaa usoni, nikisikiliza pumzi zangu. Kila nilipokohoa nilingoja kuona kama nimekufa. Kufa sikukuogopa kwa namna ya kishujaa wanayoisimulia watu. Niliogopa kama mtu aliyefungiwa stoo, anayesikia wengine wakipita nje na kuongea habari zao.

Sista alipomaliza sindano ya mchana alivuta kiti.

"Sasa niambie. Wewe ni mwalimu, si mjinga. Ulianza vizuri. Nini kilikupata?"

Nilivuta shuka nikafunika uso, kwa sababu sikuweza kulisema nikitazamwa. "Mama mkwe wangu yuko hapo nje, Sista. Tangu asubuhi hadi jioni."

Nilitegemea atacheka. Hakucheka, maana Wakerewe nao wana wakwe. Alinigonga begani mara moja, akatoka. Nikamsikia akijishusha kwenye mkeka kwa kuguna, kama wanavyojishusha watu wanene.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Sista. Mgonjwa wetu?"

"Mgonjwa wetu anakuonea haya. Alitakiwa kutembea hapa, akakuona, akalala. Ndiyo damu ikaganda. Nakwambia wewe kama mtu mzima. Kwa nini usikae nyumbani kwake na mtoto?"

Mtoto aliguna. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nyumbani kwake," mama mkwe alisema mwishowe. "Pale Mirongo wana chumba kimoja, Sista. Kitanda chake kimo humo, nguo zake zimening'inia ukutani. Nitakaaje mchana kutwa katika chumba anacholala mkwe wangu? Nalala kwa mama mmoja wa kanisani kwetu, lakini asubuhi anafunga mlango anakwenda sokoni. Nimezunguka na huyu mtoto juani. Nikaona hapa kuna upepo, na mtoto anapata kumsikia baba yake akikohoa. Nilidhani amelala. Kila siku nilishukuru Mungu kwamba anapata usingizi."

Nililia chini ya shuka, na kwa kuwa nilikatazwa kujitikisa nililia vibaya, machozi yakishuka kwenye masikio. Nilikuwa nimemfanya askari jela, kumbe mwenzangu naye amefungwa kwa kamba ile ile, upande wa pili wa ukuta.

"Anatakiwa kutembea mpaka wapi?" aliuliza.

"Akiruhusiwa? Kuzunguka wodi. Anatoka mlango huu, anafuata baraza, anarudi mlango huu huu."

Nilisikia tu akitafuna.

Mguu ulipopungua daktari alisema sasa nianze, polepole, na kwamba kuendelea kulala nako ni hatari. Sista alileta kanga ya mke wangu, akanizungushia juu ya lile gauni na kuibana kwa pini pande zote. Nilikuwa nimesimama katikati ya magongo, magoti, yaani goti, nimelikaza, nikitazama mlango. Nilijua yuko pale. Ndipo nikasikia mkeka unakunjwa.

"Sista," sauti ilisema, kwa nguvu ya kutosha kunifikia, "mwambie mkwe wangu kwamba mimi nakwenda kuzunguka baraza na mtoto. Natangulia. Sitageuka."

Nilipochungulia niliona mgongo wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, kanga imefungwa barabara, na juu ya mgongo ule mwanangu alikuwa amebebwa, uso wake umegeukia kwangu. Mtoto aliponiona alifungua mdomo wote, akacheka na jino lake moja. Nikatoka. Gongo la kwanza likagonga saruji, mama mkwe akapiga hatua moja. Gongo likagonga tena, akapiga ya pili. Niliposimama kupumua alisimama. Hakuinua kichwa wala hakugeuza shingo. Alitazama mbele, kwenye mawe ya kilimani na ziwa lililokuwa nyuma ya mawe hayo, na akangoja mpaka aliposikia magongo. Tulizunguka wodi nzima hivyo, mimi nikimfuata mtoto, yeye akifuata sauti ya mbao zangu. Tulipokaribia mlango aliendelea mbele kidogo mpaka kwenye kona ili mimi niingie bila kukutana naye. Nikaanguka kitandani nimelowa jasho. Nilifurahi mno, sioni haya kusema.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Asubuhi na jioni alikunja mkeka, akamfunga mtoto mgongoni, akaiambia hewa kwamba anakwenda kutembea. Wagonjwa waliacha utani. Hata sista alikuwa akisimama na trei yake kutuacha tupite. Baraza lilikuwa bado jembamba na mimi nilikuwa bado mfungwa wa magongo na dawa, lakini kulikuwa na mtu mbele yangu ninayejua kwamba ananisikiliza.

Jioni moja, upande wa nyuma wa wodi ambako hakukuwa na madirisha, kitu kilinichoma ubavuni. Kilikuja ghafla, kama kisu kinachoingizwa kila ninapovuta hewa, na hewa yenyewe ikakataa kuingia. Niliegemea ukuta. Gongo moja likanitoka, likaanguka majanini nje ya baraza, wala halikufanya kelele. Mbele yangu mama mkwe alisimama, kama kawaida yake. Alingoja. Nilitaka kumwita na sikujua nimwite nani. Katika maisha yangu sikuwahi kumwita kwa neno lolote. Mtoto alikuwa ananitazama. Alikuwa ameacha kucheka.

Aligeuka.

Uso wa mtoto ulipotea na uso wake ukatokea. Nilifumba macho mara moja, ndivyo nilivyolelewa, hata hapo ninapokufa. Nikasikia hatua zake mbio, kisha mikono yake kwapani mwangu, mifupa yake imenikaba nisianguke, gauni limefunguka sijui vipi, na harufu ya kahawa karibu na pua yangu.

"Fumbua macho," alisema. "Niangalie. Niangalie mimi, mwanangu, usifumbe."

Nikamwangalia. Alikuwa na nafasi kati ya meno ya mbele, ile ile ya mke wangu, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imenishika. Alimwita sista kwa sauti ambayo sikudhani imo katika mwili ule, na katikati ya kuita alikuwa ananirudia mimi, niangalie, niangalie, nami nilimwangalia mpaka walipokuja kunibeba.

Daktari alisema ni kipande kidogo kilichofika kwenye pafu, na kama kingekuwa kikubwa nisingekuwa naongea naye. Niliwekwa hewa ya mtungi, sindano zikaanza upya, nikalala tena kitanda cha matofali. Niliishi, kama unavyoona. Aliniuliza ni nani aliyewahi kunishika nisianguke kule nyuma, nikasema ni mama.

Kesho yake nje kulikuwa na mkeka, kikohozi, na mtoto anayecheka. Nilipoweza kutembea tena alitangulia, mgongo kwangu, kama vile hakuna lililotokea. Ila niliposimama kupumua, aligeuza sikio kidogo, na niligonga gongo chini mara moja kumjulisha kwamba ni uchovu tu.

Siku ya yeye kurudi Bukoba nilikuwa nimeshatolewa hospitalini, na tulimsindikiza bandarini. Nilifika mpaka pale ubao wa kupandia meli unapoanzia, nikasimama. Vitu vya kupandia vyombo vya majini sikuwa na hamu navyo. Mke wangu alikuwa amembeba mtoto. Mama mkwe alimbusu mtoto, akamkumbatia binti yake, akachukua kikapu kichwani, akanipa mgongo kama inavyopasa na kuanza kupanda. Safari hii mgongo ulikuwa mtupu.

"Shikamoo, mama," nilisema, bila kupitia kwa mtu.

Alisimama. Watu waliokuwa nyuma yake na mizigo yao walilazimika kusimama pia, wakaanza kunung'unika.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia, na hakugeuka. Hakuwa na haja. Nilikuwa naujua uso ulioko upande wa pili.